Sifa za Bwana Nasibu

"Sifa itanguliayo picha ina lake jambo." Mmemsikia Bi Tabu akimwambia hivyo mkwewe, aliyeisifia pilau wakati makaa bado yako juu ya kifuniko, mkaangua kicheko. Sasa mnaniuliza picha imeingiaje kwenye habari za pilau. Nyie mnadhani kila methali ilitungwa na watu wenye mvi, enzi za misafara. Hii ni changa kuliko Tunu hapo. Ilizaliwa kwenye simu, huko Kondoa, na kabla hamjaanza kumrushia kila mtu, kaeni niwaeleze ilimwangukia nani kwanza. Ilikuwa hivi.

Palikuwa na mpiga picha mmoja aliyeitwa Siwema. Alikuwa na studio ya chumba kimoja karibu na soko: pazia la bluu ukutani, kigoda cha mteja, na kioo kidogo cha kujipangia ushungi. Miaka mingi alipiga picha za paspoti, za wanafunzi na za watu wanaoomba mikopo. Kisha kila mtu akawa na kamera kwenye simu yake, akawa anajipiga mwenyewe akiegemea ukuta wa jirani, na kile kigoda kikaanza kushinda mchana kutwa bila kukaliwa. Siwema aliliona hilo vizuri. Asipopata kazi za harusi, studio inafungwa, na yeye anarudi kuishi kwa kaka yake na kuosha vyombo vya wifi. Hilo la wifi ndilo lililomuuma kuliko yote.

Wapiga picha wa pande zile walikuwa na kundi lao mtandaoni, wakiliita Jicho la Bonde. Kila Ijumaa, watu wakishatoka kuswali, mtu aliweka picha yake moja, na wenzake wakaja chini yake kutoa maoni. Walikuwa na sheria mbili. Picha ukishaiweka huifuti, hata usemwe vipi. Na huruhusiwi kuweka ya kwako mpaka uwe umesema neno chini ya picha ya mwenzio; hilo waliliita ushuru. Walikuwa na midomo! Bwana harusi akiota nguzo ya umeme kichwani, mpigaji aliulizwa kama mume huyo huwaka jioni. Miguu ikikatwa, aliulizwa ameipeleka wapi. Na kundi lilikuwa wazi, hata asiye fundi aliweza kuingia na kusoma, kwa hiyo watu wenye sherehe zao walipita humo kuchagua mpiga picha kwa kuangalia wenzake wanamsemaje.

Siku moja, katikati ya mfungo, Siwema alipigiwa simu na Mama Shebe wa Dodoma, mwanamke anayepanga harusi za watu. Akamwambia, "Nina harusi za mfunguo mosi kuanzia huko kwenu mpaka Babati. Nimeona picha zako mbili tatu. Kabla ya Idi, weka moja uliyo na imani nayo. Nitasoma mafundi wenzako wamesema nini, halafu tutaongea." Siwema alikaa juu ya kigoda cha mteja. Huo ndio mlango aliokuwa akiuomba.

Kabla hajakata simu, Mama Shebe akauliza, "Na huyu Nasibu ni nani? Kila picha yako, wa kwanza kusifu ni yeye. Ni nduguyo?"

"Hapana, mama. Hata simjui."

"Haya," akasema Mama Shebe. Lakini ile "haya" aliivuta, na Siwema alilala nayo.

Nasibu alikuwa mtu wa kijijini, nyuma ya vilima vya Kolo. Hakuna aliyemjua kwa sura. Picha za kwake aliweka kwa nadra, lakini picha ya mtu mwingine ikitokea tu, chini yake utamkuta keshaandika: "Picha ina uhai. Hongera fundi." Maneno hayo hayo, kwa kila mtu. Zamani Siwema alikuwa akiyapita bila kuyajali. Sasa akaanza kuyatazama, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoona kitu kisichokaa sawa.

Mtandao wa Kondoa siku hizo ulikuwa wa kubembeleza. Neno lilipita upesi, maana neno ni jepesi, lakini picha ilikuja kwa kujivuta. Ungeona kisanduku cha kijivu na kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka chai yako ipoe. Basi Siwema aliona kwamba kiduara kikiwa bado kinazunguka, sifa za Nasibu zimeshafika. Na huko Kolo mtandao ulikuwa mbaya zaidi kuliko mjini. Mtu huyu alikuwa akisifu kitu ambacho hajakiona.

Kwa nini? Nawauliza nyinyi, kama yeye alivyojiuliza huku anafagia studio isiyo na mteja. Mimi mwenyewe mtu akinisifu upesi hushika pochi yangu. Siwema alianza kwa kudhani Nasibu anatafuta wateja: wa kwanza kusema jina lake hukaa juu, na anayepita hulisoma kabla ya mengine. Kisha akadhani anawakejeli. Halafu akaenda kumuuliza Hamduni, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, ambaye walikuwa wakiazimana betri na kulalamikiana. Hamduni akainamisha kichwa na kupunguza sauti, ingawa barabarani hapakuwa na mtu.

"Nilikuwa sitaki kukwambia," akasema. "Umewahi kumwona akiandika mashaallah?"

Siwema akafikiri. "Hapana."

"Basi. Mtu anasifu kila kitu, kila Ijumaa, na mashaallah hasemi. Flashi yako ilikufa lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

"Baada ya picha gani?"

Siwema akakumbuka. Ilikuwa imekufa baada ya ile picha ya maulidi, ambayo Nasibu aliisifu kabla ya watu wote. Akarudi kwake na hofu. Tangu siku hiyo kila baya lililompata alilifungulia hesabu kwa Nasibu: mteja aliyeahirisha, tripodi iliyovunjika mguu, hata paka aliyekojolea pazia la bluu. Hasidi hana sababu, alijiambia. Lakini zaidi ya kijicho, aliiogopa ile "haya" ya Mama Shebe. Akiweka picha yake bora na Nasibu akairukia kama kawaida yake, mama yule atasema sifa zimepangwa, na mlango utafungwa. Akaamua kumwondoa kwanza.

Ijumaa iliyofuata alichukua kamera, akaacha kifuniko kwenye lenzi, akabonyeza. Picha ikatoka nyeusi tii. Akaiweka kundini na kuandika chini yake: "Naomba maoni yenu, mafundi." Kisha akashika simu kwa mikono miwili na kungoja.

Hakungoja sana. "Picha ina uhai. Hongera fundi."

Polepole picha ikaanza kuwafungukia watu, na kundi zima likalipuka. Wapo waliotuma vicheko ukurasa mzima. Mmoja aliuliza huo uhai umejificha pembe gani. Mwingine akasema huyo ni kipofu aliyeshika kamera. Na Hamduni, aliyekuwa na kipaji cha maneno, ndiye aliyeandika: "Jamani, sifa itanguliayo picha ina lake jambo!" Hapo watu wakaidaka, wakaiandika na kuiandika tena, mpaka Nasibu alipotokea.

"Ni kweli, sikuitazama," akaandika. "Samahani, fundi." Kisha likaja lile tangazo dogo la kijivu kwamba ametoka kundini. Siwema alicheka na wenzake. Moyoni alihisi ameng'oa mwiba.

Juma lililofuata, Idi ikiwa imekaribia, aliweka picha yake yenyewe. Alikuwa ameipiga kabla ya mfungo, ndani ya nyumba ya bi harusi mmoja: bibi kizee ameushika mkono wa mjukuu wake na anaupulizia ili hina ikauke. Mwanga ulitoka dirisha moja tu. Nusu ya uso wa bibi ilikuwa kivulini, na Siwema aliiacha hivyo kwa kusudi, kwa sababu nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia. Alishamwonyesha Hamduni picha hiyo kwenye kamera, na Hamduni alikaa nayo muda mrefu kabla ya kusema, "Mashaallah, Siwema. Hii umeweza."

Akaiweka. Safari hii hapakuwa na Nasibu. Aliyewahi alikuwa mtu anayejiita Jicho Kali, ambaye hakuna aliyemjua wakati ule wala hajulikani mpaka leo. Kila kundi lina wake. Akaandika: "Kivuli kimekata uso wa bibi. Huyu hajui mwanga."

Wa pili akaandika, "Kweli, kivuli." Wa tatu, "Kivuli kimeua kazi." Wa nne akamshauri arudie picha za paspoti. Ushuru ulikuwa ukilipwa, kila mmoja ana haraka ya kuweka ya kwake, na neno lilikuwa limeshapikwa, kazi ni kupakua tu. Siwema alisoma huku masikio yakimwaka. Kisha akafika kwa mtu aliyeandika: "Na bwana harusi angetazama kamera."

Akarudi kuisoma tena. Katika picha ile hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Wala jina la Hamduni hakuliamini alipoliona, lakini lilikuwa pale, na mbele yake: "Ni kweli, kivuli kimezidi."

Alivuka barabara bila kufunga mlango wa studio.

"Hamduni, wewe uliiona ile picha. Uliniambia nini hapa hapa?"

Hamduni alishughulika na kamba ya kamera. "Nzuri ile, Siwema. Nilikwambia."

"Mbona kule umesema vingine?"

"Wote walikuwa wameshasema kivuli. Ningejitokeza peke yangu, ningeonekanaje? Nikaona nifuate upepo, yapite."

Hayakupita. Jioni Mama Shebe aliandika kwa upole kwamba wenzake wamesema, na wao ndio wanaojua kazi, basi labda mwakani Mungu akipenda. Siwema alilia mbele ya kile kioo kidogo mpaka akachoka kujitazama. Na alipomaliza kulia, shaka ikarudi imevaa nguo nyingine. Nani alikuwa na sababu ya kumfanyia hivi? Nani alifedheheshwa juma lililopita mbele ya watu wote? Jicho Kali si mwingine ila Nasibu, aliyerudi kwa jina la kubandika. Asubuhi alipakia kamera begani, akapanda bodaboda, akaelekea Kolo.

Hakupotea. Alielekezwa nyumba yenye ubao ulioandikwa "Picha" kwa rangi iliyofifia. Nje, mzee mmoja alikuwa akimlisha mbuzi maganda ya viazi. Siwema hakuweza kuiacha adabu hata kwa hasira zile. Shikamoo aliitoa, lakini aliitupa.

"Marahaba. Karibu, binti yangu. Picha ya nini?"

"Mimi ndiye Siwema wa studio ya sokoni. Niliyeweka picha nyeusi."

Mzee akaweka maganda chini na kujifuta mikono. "Aa. Karibu, fundi."

"Sikuja kukaribishwa, Bwana Nasibu. Nimekuja uniambie machoni. Umenikosesha kazi ili ulipe kisasi? Jicho Kali ni wewe?"

"Hilo jina silijui. Tangu nitoke sijarudi." Akaonyesha kichuguu kirefu nyuma ya banda la mbuzi. "Mtandao wa hapa uko juu ya kile. Tangu Ijumaa ile sijakipanda, na magoti yangu yamefurahi."

Siwema alikitazama kichuguu. Ngazi ndogo zilikuwa zimechongwa kwenye udongo, zimelainishwa kwa kukanyagwa. Hapo ndipo hasira ilipoanza kumpungukia, lakini shaka haikumwachia.

"Basi niambie hili. Unapanda kule, picha hujaiona, unasifu. Kwa nini? Ulikuwa unataka nini kwetu?"

Bwana Nasibu alimwashiria angoje. Aliingia ndani, akatoka na picha moja iliyosafishwa, imefungwa kwenye nailoni. Ilikuwa ya ng'ombe wakinywa maji bwawani, jua liko nyuma yao, na vumbi limesimama hewani pamoja na matone. Siwema alisahau kidogo alichokuja kufanya.

"Umeipiga wewe?"

"Ningeweza wapi! Aliipiga Mfaume, mwanafunzi wangu. Ndiyo picha yake ya kwanza kuiweka kundini. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu, nasubiri ifunguke ndipo niseme, maana nilidhani ndiyo haki. Mtu mmoja akawahi kuandika, 'Futa.' Wa pili akaandika 'Futa.' Wakafuatana hivyo mpaka giza likaingia. Na sheria yetu unaijua, hawezi kufuta. Kwangu ilifunguka Jumapili. Nikaandika yangu, nikaandika na mengi. Nani alikuwa bado anasoma?"

"Na Mfaume?"

"Kamera aliuza. Yuko Arusha, anauza mitumba. Amepata mtoto, na hata picha ya mtoto haijapigwa na baba yake."

Mbuzi alilia, hakuna aliyemsikiliza.

"Nikajifunza kitu, binti yangu. Watu kule hawasemi walichokiona. Wanasema walichokikuta kimeshasemwa. Nikajiambia, basi wakute jema. Nikingoja picha, atanitangulia mwingine. Sikuwa naisifu picha. Nilikuwa natoa kigoda mlangoni, mtu akija akae kwanza, atazame, ndipo aseme lake. Wengi wakishakaa, hutazama."

Siwema aliona aibu mpaka kwenye vidole. Alikumbuka picha zake zote za nyuma na jinsi watu walivyokuja chini yake wakizungumza kama watu, wakimwonyesha kosa hili na lile bila kumtukana. Alidhani ni wema wao.

"Na mashaallah?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mbona huiandiki?"

"Mashaallah ya kitu ambacho sijakiona? Huo ungekuwa uongo juu ya jina la Mungu. Nikishaiona, Jumapili, naisema hapa kwa mdomo. Mbuzi hawa wamezisikia zote."

Siwema akacheka na machozi yakamtoka pamoja. "Kwa nini hukutuambia siku ile? Ungesema tu."

"Ningesema, ingekuwa nimewaambia wenzangu kwamba ni kondoo. Wangenishukuru?" Kisha akanyoosha mkono. "Hiyo iliyosemwa vibaya unayo?"

Siwema akawasha kamera na kumpa. Bwana Nasibu akaikinga na jua kwa kofia yake, akaitazama kwa muda mrefu sana. Siwema alikuwa akingoja kuambiwa kwamba ina uhai.

"Kivuli ni sawa," akasema mzee. "Kivuli ndicho kinacholia. Lakini ungesogea kulia kidogo tu. Mwimo wa mlango umemtoka bibi utosini, mtu atadhani amebeba ubao. Hilo ndilo kosa lako, na hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Mashaallah, mwanangu."

Ilikuwa kweli. Mwimo ulikuwa pale siku zote, na yeye mwenye picha hakuuona. Katika maoni yote aliyowahi kupewa, hayo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Kabla ya kupanda bodaboda alimsihi arudi kundini. Yeye mwenyewe atasimama kuwaeleza wote. Bwana Nasibu akatikisa kichwa. "Hapana. Kigoda changu kimeshavunjwa miguu. Nikisifu sasa watakumbuka picha nyeusi na kucheka, na kicheko kitamwangukia mwenye picha. Jina langu halifanyi kazi hiyo tena. Wewe lako bado zima." Hakumwagiza kitu zaidi ya hapo.

Harusi za mfunguo mosi zilikwenda kwa mtu mwingine, na Siwema hakuzipata. Msitake niwadanganye. Mwaka ule aliuponea kwa kupiga mahafali ya chekechea na picha za mbuzi wa mnada, na mara mbili alifika mpaka mlangoni kwa kaka yake akageuza. Studio ilibaki wazi kwa kuponea chupuchupu. Lakini kila Ijumaa aliacha kila alichokuwa akifanya na kukaa na simu mkononi.

Ijumaa moja msichana kutoka Haneti, mgeni kabisa, aliweka picha yake ya kwanza. Kisanduku kilikuwa bado cha kijivu, kiduara kinazunguka. Siwema akaandika: "Picha ina uhai. Hongera fundi."

Hamduni, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na simu yake, hakuchelewa. "Dada Siwema! Hata haijafunguka! Na wewe tena una lako jambo?"

Watu wakaanza kutuma vicheko. Yule msichana wa Haneti bila shaka alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Siwema angeweza kueleza yote: kichuguu, Mfaume, ng'ombe wa bwawani. Akaona akieleza tu, kigoda hiki nacho kimevunjika. Akawaacha wamcheke yeye badala ya mtoto wa watu. Wakacheka, na walipokuwa wakicheka, kiduara kikaacha kuzunguka, picha ikafunguka, na mmoja mmoja wakaanza kuitazama. Chini ya vicheko vile, Siwema akamjibu Hamduni kwa maneno yake mwenyewe:

"Ninalo. Sifa itanguliayo picha ina lake jambo."